Kiwanda, Duka na Aliyeumia: Nani Abebe Mzigo wa Bidhaa Yenye Kasoro?

Mwaka 1938, mahakama ya London iliamua kesi ya mume na mke waliokunywa lemonadi ya chupa moja. Mume, Bwana Daniels, aliinunua chupa hiyo kwenye baa ya Bibi Tarbard, akaipeleka nyumbani, wakagawana na mkewe. Ndani mlikuwa na asidi ya kaboliki, kemikali ya kuulia vijidudu. Wote wawili waliugua. Hukumu ilipotoka, mume alipata fidia, mke hakupata hata senti. Na aliyelipa hakuwa kiwanda cha R. White kilichoosha chupa, kikaijaza na kuifunga. Aliyelipa ni Bibi Tarbard, aliyeipokea ikiwa imefungwa na kuiuza ikiwa imefungwa vilevile.

Wanafunzi wa sheria wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hufundishwa zaidi kesi ya konokono kwenye chupa, ambayo tutaifikia. Mimi naona kesi ya Daniels ndiyo inayotufaa zaidi, kwa sababu inaweka nadharia mbili za lawama kwenye meza moja na kuonyesha zinavyogongana. Mume alidai kwa mkataba wa mauzo, na katika mauzo haiulizwi kama muuzaji alikuwa mwangalifu. Mke hakununua kitu, hivyo alibaki na njia moja tu, yaani kuthibitisha uzembe wa kiwanda. Kiwanda kikaleta ushahidi wa mitambo yake ya kuoshea chupa na usimamizi wa wafanyakazi wake, jaji akaridhika kwamba kilifanya yote ya kutarajiwa. Asiye na kosa alilipa kwa kuwa aliuza. Aliyetengeneza aliondoka kwa kuwa alijitetea vizuri.

Miaka zaidi ya 80 imepita, na mpangilio ule bado ndio msingi wa sheria yetu Afrika Mashariki. Nasema umepinduka. Mwenye duka la mtaani, ambaye hana maabara wala bima, anabanwa na sheria kali kuliko kiwanda chenye wahandisi. Ili kuona jinsi tulivyofika hapo, na jinsi wenzetu walivyotoka, inabidi kuzipitia nadharia zenyewe.

Ya kwanza na ya zamani ni ya mkataba. Sheria ya Uingereza ya Uuzaji wa Bidhaa ya 1893 ililetwa huku karibu kama ilivyokuwa. Kenya inaitwa Sura ya 31, Tanzania Sura ya 214, na Uganda iliiandika upya mwaka 2017 ikiunganisha bidhaa na huduma. Ndani yake kuna masharti ambayo hata kama hayakutamkwa dukani, sheria inayahesabu kuwa yamo: kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa muuzaji wa bidhaa za aina hiyo itakuwa na ubora wa kuuzika, na kwamba itafaa kwa kazi ambayo mnunuzi aliitaja. Ukali wa masharti haya ulionekana mwaka 1905 katika kesi ya Frost dhidi ya Aylesbury Dairy. Maziwa yaliyouzwa yalikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo, mke wa mnunuzi akafariki. Kampuni ya maziwa ilijitetea kwamba hakuna uangalifu wowote ambao ungegundua vijidudu vile. Mahakama ilijibu kwamba hilo halihusiki. Uliuza maziwa ya kunywa, hayakufaa kunywewa, lipa.

Kwa mnunuzi, hakuna nadharia nzuri kuliko hiyo. Kasoro yake ni kwamba inamtambua mnunuzi peke yake. Katika nyumba zetu anayenunua mara nyingi siye anayeumia. Baba ananunua mtungi wa gesi, anayeungua ni dada wa kazi. Shangazi analeta zawadi ya toi, anayekabwa ni mtoto. Halafu kuna karatasi. Risiti nyingi huandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na kwa muda mrefu sheria ya zamani iliruhusu pande mbili kuyafuta masharti yale kwa makubaliano. Sheria ya Kenya ya Kumlinda Mlaji ya 2012 imeziba mwanya huo kwa kutamka kwamba haki zake hazifutiki kwa makubaliano, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini anayeuziwa bila risiti, gizani, kwenye meza ya kando ya barabara, hata huo mkataba atauthibitishaje?

Ugumu wa kumfikia mtengenezaji ulikuwa wa makusudi. Mwaka 1842, katika kesi ya Winterbottom dhidi ya Wright, dereva wa gari la farasi la posta aliumia baada ya gari kuvunjika. Aliyelitoa na kuahidi kulitunza alikuwa na mkataba na Posta, si na dereva. Majaji walimkatalia dereva, wakihofu kwamba wakimfungulia yeye, kila mpita njia aliyeumia naye atakuja kudai na madai hayatakuwa na mwisho. Hofu hiyo iliwalinda wenye viwanda kwa miaka 90, wakati ambapo viwanda vyenyewe vilikuwa vikikua na kuanza kuuza kwa watu wasioonana nao kamwe.

Marekani ilitangulia kuitikisa. Mwaka 1916 Jaji Benjamin Cardozo wa New York aliamua kwamba kampuni ya magari ya Buick iwajibike kwa gurudumu la mbao lililovunjika, ingawa mwenye gari alinunua kwa wakala na gurudumu lilitengenezwa na kampuni nyingine. Kitu ambacho kikitengenezwa kwa uzembe kitahatarisha maisha, alisema kwa maana hiyo, kinamwajibisha aliyekitengeneza hata pasipo mkataba. Uingereza ilifuata kwa njia ya Paisley, mji wa Scotland, ambako tarehe 26 Agosti 1928 May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake tangawizi ya chupa. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi. Kiasi kilipokwisha kunywewa, mabaki ya konokono yakatokea wakati wa kumimina sehemu iliyobaki. Hakuwa na mkataba na mtu. Alifungua kesi kama mtu maskini asiye na uwezo wa gharama, ikapanda hadi Nyumba ya Mabwana, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, na mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili walikubali kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Lord Atkin aliuegemeza wajibu huo kwenye swali la jirani: nani anaweza kudhurika kwa tendo langu kiasi kwamba ninapaswa kumfikiria?

Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe. Majaji waliamua swali la sheria tu, kwamba kama maelezo yale ni kweli, dai lipo. Kabla ushahidi haujasikilizwa mtengenezaji alifariki, na madai yakamalizwa kwa makubaliano ya pauni 200. Kwa hiyo kesi iliyojenga nadharia nzima ya uzembe wa mtengenezaji haikupata kujaribiwa kwenye sehemu iliyo ngumu, yaani kuthibitisha kilichotokea ndani ya kiwanda. Bibi Daniels, miaka sita baadaye, ndiye aliyeionja sehemu hiyo.

Na hapo ndipo uzembe, nadharia ya pili, unapokwama. Nadharia inasema anayedai athibitishe. Aliyeungua na regulata ya gesi anatakiwa kueleza ni mashine gani ilikosea, nani hakukagua, na kiwango gani cha uangalifu kilikiukwa, ilhali hajawahi kuingia kiwandani na hatafunguliwa mlango. Majaji wenyewe walilihisi tatizo hilo. Mwaka 1935 Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, yakiwemo ya kwetu, liliamua kesi ya Daktari Grant wa Australia, aliyepata ugonjwa mbaya wa ngozi kutokana na salfaiti zilizobaki kwenye nguo za ndani za sufu. Kiwanda kilileta hoja ileile ya mfumo mzuri. Baraza lilijibu kwamba mfumo mzuri ungefuatwa, kemikali isingebaki. Imebaki, basi kuna mtu alikosea, na mgonjwa halazimiki kumtaja kwa jina. Mwaka 1978 jaji mmoja wa Uingereza alikataa waziwazi kuifuata hukumu ya Daniels kwa hoja ya aina hiyo. Wakili wa Afrika Mashariki anayesimamia kesi ya bidhaa akikutana na utetezi wa mitambo ya kisasa, aanze na Grant.

Lakini hata hukumu ya Grant ina mpaka wake. Nadharia ya Atkin iliwekewa sharti: bidhaa imfikie mtumiaji katika hali ileile iliyotoka nayo kwa mtengenezaji, pasipo nafasi ya kutosha ya mtu wa katikati kuikagua. Sharti hilo linaifaa chupa iliyofungwa. Soko letu kwa sehemu kubwa si la chupa zilizofungwa. Mafuta ya kula hupimwa kwa kikombe kutoka kwenye dumu. Sukari hufunguliwa gunia ikafungwa kwenye vifuko vya robo. Viuatilifu vya shambani humiminwa kwenye chupa za maji, bila lebo. Mtungi wa gesi hupita mikononi mwa wajazaji, wengine wasio na leseni. Simu hubadilishwa betri kwa fundi wa pembeni kabla haijalipuka. Kila mkono ulioongezeka hapo ni zawadi kwa utetezi wa kiwanda, kwa sababu kiwanda kinaweza kusema: ilitoka kwangu ikiwa salama, waulizeni waliofuata. Na waliofuata, mmoja mmoja, wanasema hivyohivyo.

Tanzania iliishi jambo hili kwenye mafuta ya taa na petroli. Kabla ya 2011, kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo mno kuliko ya petroli na dizeli, na tofauti hiyo ikawapa watu sababu ya kuyachanganya. Neno kuchakachua likaenea nchi nzima. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka alama ya kemikali kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi zikasogezwa ili faida ya kuchanganya ipungue. Hatua zote mbili zilikuwa za busara. Lakini tufikirie mtu ambaye injini yake iliharibika, au ambaye taa yake ililipuka kwa sababu ndani ya mafuta ya taa mlikuwa na petroli. Kwa nadharia ya uzembe angemshtaki nani kati ya mwagizaji, bohari, lori na kituo? Wote waliyashika mafuta yaleyale, na ushahidi uliteketea pamoja na taa.

Ni swali kama hilo lililomfanya Jaji Roger Traynor wa California aachane na lawama. Mwaka 1944 chupa ya Coca-Cola ilipasukia mkononi mwa mhudumu wa mgahawa, Gladys Escola. Wenzake Traynor walimpa haki kwa kanuni kwamba jambo linajieleza lenyewe: chupa haipasuki hivihivi, basi uzembe udhaniwe. Traynor alikubali matokeo lakini akasema mahakama iache kuzunguka. Kama tunadhani uzembe kila mara ili aliyeumia alipwe, tuseme wazi kwamba mtengenezaji anawajibika kwa kasoro, awe mzembe au asiwe. Sababu zake zilikuwa za kiuchumi na za kibinadamu kwa pamoja. Mtengenezaji ndiye anayeweza kuiona hatari mapema na kuipunguza. Ndiye anayeweza kukata bima na kuisambaza gharama kwenye bei ya kila chupa. Aliyeumia hana pa kuisambaza, humwangukia yeye na familia yake.

Aliandika peke yake. Miaka 19 baadaye, mwaka 1963, aliandika kwa niaba ya mahakama nzima. Bwana Greenman alikuwa amepewa na mkewe zawadi ya mashine ya kuchongea mbao, kipande cha mti kikachomoka na kumpiga kwenye paji la uso. Mahakama ilisema mtengenezaji anayeweka sokoni kitu akijua kitatumiwa bila kukaguliwa atawajibika kikidhihirika kuwa na kasoro iliyomjeruhi mtu. Mwaka 1965 Taasisi ya Sheria ya Marekani iliingiza kanuni hiyo kwenye kifungu maarufu cha 402A, na majimbo mengi yakaifuata.

Hiyo ndiyo nadharia ya tatu, dhima isiyotegemea kosa. Inabadilisha swali. Badala ya kuuliza mtu alifanya nini, tunauliza kitu kilikuwaje. Lakini msomaji asidhani kwamba uamuzi umekuwa rahisi, maana sasa ugumu wote umehamia kwenye neno kasoro. Wanasheria huzigawa kasoro mara tatu. Kuna ya utengenezaji, pale kitu kimoja kinapotoka tofauti na wenzake, kama chupa ya Escola. Hapo nadharia inafanya kazi safi, kwani unakilinganisha na wenzake na tofauti inaonekana. Kuna ya usanifu, pale vitu vyote vinapotoka kama vilivyokusudiwa, na makusudio yenyewe ndiyo mabaya. Na kuna ya maelezo na onyo.

Kasoro ya usanifu ndiyo inayowasumbua majaji. Gari la Ford Pinto lilikuwa na tangi la mafuta nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo likigongwa kutoka nyuma lingeweza kupasuka na kuwaka. Mwaka 1972 kijana wa miaka 13 aliungua vibaya mno ndani ya gari hilo huko California, na mwaka 1978 wazee wa baraza walimpa, pamoja na fidia yake, dola milioni 125 za kuiadhibu kampuni. Jaji alizipunguza hadi milioni 3.5, na mahakama ya rufaa ikaridhia mwaka 1981. Hakuna Pinto iliyotoka tofauti na Pinto nyingine. Ili kusema usanifu ulikuwa na kasoro, ilibidi kuuliza kama kulikuwa na usanifu mwingine, ungegharimu kiasi gani, na kampuni ilijua nini. Ukiyatazama vizuri maswali hayo, ni maswali ya uzembe yaliyorudi. Mwaka 1998 taasisi ileile ya Marekani ilikiri hivyo kwa vitendo. Katika muhtasari wake mpya, anayedai kasoro ya usanifu anatakiwa aonyeshe usanifu mbadala wenye busara. Nionavyo mimi, dhima isiyotegemea kosa inastahili jina lake kwenye kasoro za utengenezaji. Kwenye usanifu ni uzembe ambao mzigo wa ushahidi umepunguzwa, na kupunguza mzigo si jambo dogo.

Kuhusu onyo nitasema moja, kwa sababu linatuhusu kuliko tunavyolizungumza. Onyo lililoandikwa kwa Kichina au kwa Kiingereza cha herufi ndogo, kwenye kiuatilifu kinachouzwa Mbozi au Kitale, halimfikii mkulima anayekishika. Katika nadharia yoyote kati ya hizi tatu, mahakama za kwetu zinaweza kuamua kwamba onyo lisilosomeka kwa mtumiaji anayetarajiwa ni sawa na kutokuwepo onyo. Haihitaji sheria mpya. Inahitaji wakili wa kulidai.

Ulaya ilifika kwenye nadharia ya tatu kupitia msiba. Dawa ya thalidomide iliuzwa Ujerumani kuanzia 1957 na katika nchi nyingine nyingi, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu na usingizi, na ilipoondolewa mwaka 1961 maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyoharibika. Kuthibitisha uzembe kulikuwa kugumu, maana watengenezaji walidai walifuata majaribio ya wakati wao. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la 25 Julai 1985 likaondoa sharti la kuthibitisha uzembe: aliyeumia athibitishe madhara, kasoro, na uhusiano wa viwili hivyo. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1987. Hata hivyo agizo liliacha utetezi kwamba elimu ya sayansi ya wakati ule haikuwezesha kasoro kugunduliwa, na ni rahisi kuona kwamba utetezi huo ungewafaa hasa wenye thalidomide. Mwaka 2001 Jaji Burton wa London aliubana. Wagonjwa walikuwa wameongezewa damu yenye virusi vya homa ya ini aina ya C. Hatari ilijulikana, ila hapakuwa na kipimo cha kutosha cha kuigundua katika chupa moja moja. Alisema umma ulikuwa na haki ya kutarajia damu salama, na hatari iliyokwisha kujulikana haiwezi kujificha nyuma ya sayansi. Mwaka 2024 Ulaya iliandika agizo jipya linaloingiza hata programu za kompyuta katika maana ya bidhaa.

Ndani ya agizo la 1985 kuna kanuni mbili ambazo laiti zingekuwa zetu. Anayeingiza bidhaa kutoka nje ya Jumuiya anahesabiwa kuwa mtengenezaji. Na muuzaji wa kawaida anawajibika tu pale anaposhindwa kumtaja aliyemuuzia au mtengenezaji katika muda unaofaa. Kwa kanuni hiyo ya pili, Bibi Tarbard angemtaja R. White, na agizo lisingemgusa.

Afrika ina mfano wake. Mwaka 2003, katika kesi ya Wagener dhidi ya Pharmacare, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Kusini iliombwa ianzishe dhima isiyotegemea kosa kwa dawa ya ganzi iliyodaiwa kuacha mkono umepooza. Ilikataa, ikisema kazi hiyo ni ya Bunge. Bunge liliitikia. Kifungu cha 61 cha sheria yao ya mlaji ya 2008 kinawawajibisha mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji na muuzaji bila kujali uzembe. Ugonjwa wa listeria ulipoua watu zaidi ya 200 mwaka 2017 na 2018, na serikali ikatangaza kwamba chanzo ni soseji za polony kutoka kiwanda kimoja cha Polokwane, waathirika walikuwa na kifungu cha kusimamia. Mwishoni mwa 2018 mahakama ya Johannesburg iliwaruhusu waungane kwenye shauri moja.

Kwetu hali ni ya mchanganyiko. Ukivuka kwenda Goma au Lubumbashi, nchini Kongo, sheria ya kiraia iliyorithiwa kutoka kwa Wabelgiji, amri ya 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 260 kwamba mtu huwajibika pia kwa vitu vilivyo chini ya uangalizi wake. Maneno yanavutia, ila mtungi unaolipuka jikoni kwa kawaida uko chini ya uangalizi wa mwenye jiko, na mwenye jiko ndiye majeruhi. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003, yenye sehemu ya wajibu wa watengenezaji na nyingine ya usalama wa bidhaa. Watu wengi huijua Tume ya Ushindani kwa kuteketeza bidhaa bandia, kazi ya lazima ambayo hata hivyo haimpi aliyeumia shilingi ya matibabu. Ni vivyo hivyo kwa faini za mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya: zinaingia serikalini. Na alama ya ubora kwenye pakiti ni ushahidi kwamba aina hiyo ya bidhaa iliwahi kupimwa. Haithibitishi kwamba pakiti hii ilikuwa salama.

Kenya imekwenda mbali kuliko wote, na nadhani wengi hawajalisoma neno lenyewe. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kulipwa fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Haisemi yanayotokana na uzembe. Inasema kasoro. Na inazihusu taasisi za umma na watu binafsi pia. Ibara hiyo ikisomwa kama ilivyoandikwa, nadharia ya tatu tayari ni sheria ya Kenya, kwa ngazi ya juu kuliko hukumu yoyote ya California. Kuendelea kuandika hati za madai zenye orodha ndefu ya vitendo vya uzembe wa kiwanda, kana kwamba tuko 1938, ni kumwongezea majeruhi mzigo ambao Katiba imeuondoa.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Viwanda vyetu ni vichanga, bima ni chache na ghali, na msaga nafaka wa mtaani akiwajibishwa bila kosa atafunga mashine. Hoja hiyo isidharauliwe. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui wakiathirika zaidi, na 125 kati yao wakafa. Mahindi mengine yalitoka kwenye maghala ya familia zenyewe, mengine yalinunuliwa sokoni. Hakuna nadharia ya lawama ambayo ingewafidia wote wale, na kumfilisi mwenye kinu kusingemrudisha yeyote. Kwenye chakula kinachopita mikono midogo mingi, mfuko wa pamoja wa fidia unaochangiwa na wasagaji wakubwa na waagizaji ungefaa zaidi ya kesi. Mahakama ya California ilikaribia wazo la namna hiyo mwaka 1980, ilipowaruhusu mabinti walioathiriwa na dawa ya DES waliyokunywa mama zao kuwadai watengenezaji kadiri ya sehemu ya soko ya kila mmoja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtambua mtengenezaji halisi.

Lakini hoja ya uchanga wa viwanda haimwokoi mwagizaji wa kontena la regulata, betri au matairi. Yeye ndiye anayechagua kiwanda cha mbali, ndiye anayejua bei iliyomfanya akichague, na ndiye pekee katika mlolongo mzima ambaye majeruhi wa Tandika au Kibra anaweza kumfikia na akawa na cha kulipa. Gharama ya kasoro haiondoki kwa kutomtoza. Inalipwa na aliyeungua, wodini, kwa harambee ya ndugu.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Dodoma, Nairobi na Kampala waandike sheria fupi: mtengenezaji wa ndani na mwagizaji wawajibike kwa kasoro bila mdai kuthibitisha uzembe, na muuzaji wa rejareja aachiwe akimtaja aliyemuuzia. Wakati hilo likisubiriwa, wewe uliyeumizwa na bidhaa usitupe mabaki yake, hata kama ni chuma kilichoungua. Usimpe fundi akifungue. Weka risiti au ujumbe wa malipo ya simu, piga picha lebo na namba ya toleo, na umwone wakili mapema. Kenya na Tanzania, dai la uzembe hufa baada ya miaka mitatu, la mkataba baada ya sita.